Meza ya Miguu Mitatu

Uongo ninaouonea haya kuliko mwingine wote niliusema kwa Kifaransa, saa nne asubuhi, huku mwenye haki amesimama hatua tatu nyuma yangu. Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba nilitumia Kifaransa kwa sababu wageni ndicho walichokielewa. Lakini najua kwamba kwa Kiswahili maneno yale yasingetoka mdomoni.

Wakati huo tulikuwa watatu katika karakana yetu ndogo ya Katoyi, mjini Goma. Mimi ndiye mchoraji. Nilizaliwa Butembo, nikasomea usanifu wa majengo, na kazi ya majengo ilipokosekana nikaanza kubuni samani. Wa pili alikuwa seremala, mzee kutoka Masisi, mtu wa maneno machache, ambaye hupima mbao kwa kiganja kwanza na kwa mita baadaye. Wa tatu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mzaliwa wa Goma, baba wa watoto wawili, anayeongea tangu anapofungua mlango mpaka anapoufunga. Wote wawili walikuwa wakiniita Shefu, yaani mkubwa wao. Niliwaambia mara moja, kwa adabu, kwamba si lazima, na sikurudia.

Shirika moja lilituomba tubuni meza za shule iliyokuwa ndani ya Kanyaruchinya, kambi ya watu waliokimbia vita. Madarasa yalikuwa ya mbao na maturubai, na chini hapakuwa na sakafu ila mawe yetu haya ya volkano. Meza zilizokuwemo zilikuwa zikicheza. Mtoto mmoja akiegemea, herufi ya mwenzake inaruka mstari. Mwalimu akiweka kijiwe chini ya mguu wa meza, kufika mapumziko kijiwe kimeshachukuliwa kuchezewa.

Nilichora meza ya miguu minne yenye skrubu chini ya kila mguu, ili mwalimu azungushe mpaka meza itulie. Kwenye karatasi ilipendeza sana. Fundi aliitengeneza, tukaipeleka kuijaribu, na baada ya wiki moja skrubu zilikuwa zimejaa vumbi na matope hata hazizunguki tena. Nikachora skrubu nene zaidi. Zikakwama vilevile. Mzee aliigeuza meza ya tatu juu chini, akaitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa, akasema, "Hii meza, kila darasa itaomba mekanisiani wake."

Sikucheka. Nilirudi kwenye karatasi.

Kwa vile maturubai ya madarasa yalikuwa yanavuja, shirika lilitaka kila meza iwe na mfuko chini yake wa kuhifadhia madaftari. Tukahitaji mshonaji. Jirani alituletea mama mmoja kutoka Rutshuru, aliyekuwa akiishi kambini hukohuko na watoto wake. Tulimwekea cherehani kwenye kona, karibu na dirisha. Nilimuuliza kama anaweza kushona turubai. Akasema, "Nitashona." Sikumuuliza kingine. Hilo nalo nimelirudia kichwani mara nyingi: mtu amekuja kufanya kazi kwangu, na swali langu la kwanza na la mwisho lilikuwa juu ya turubai.

Mchana mmoja mvua kubwa ilinyesha na umeme ukakatika. Fundi hakuweza kuchomelea. Mzee alikaa juu ya rundo la mbao. Mimi nilikuwa nimeinamia mchoro wangu wa nne wa skrubu. Mama alikuwa amejilaza chini ya meza ya mfano, kamba ya kupimia mkononi, anapima mahali pa kufunga mfuko.

"Shefu," alisema kutoka kule chini, "juu ya nini miguu ine?"

"Meza ina miguu minne, Mama."

"Mafiga iko tatu. Sijaona hata siku moja chungu inacheza juu ya mafiga."

Nilicheka. Ningependa kuandika kwamba nilitabasamu, lakini nilicheka, kicheko kile cha puani. Nikasema, "Mama, mambo ya desini, ya kuchora, utuachie. Weye pima mufuko." Fundi naye akacheka kwa sababu mimi nimecheka. Mama alitoka chini ya meza, akajipangusa vumbi la mbao kwenye kitenge, akarudi kwenye cherehani yake.

Mzee hakucheka. Aliokota kipande cha ubao, akakipigilia vijiti vitatu kwa chini, akatoka nacho nje kwenye mvua. Alikiweka juu ya mawe ya uani, mahali pabaya kuliko pote, akakibonyeza kwa kiganja. Akakihamisha. Akabonyeza tena.

"Haichezi," alisema kutoka nje, maji yakimtiririka usoni.

Fundi akamfuata mbio. Yeye alibonyeza kwenye pembe, na kile kimeza kikaanguka. "Inaanguka!"

"Si nilijua," nikasema kutoka mlangoni.

"Basi pembe itoke," mzee akajibu. "Kama pembe haiko, nani ataiegemea?" Akaingia, akachukua msumeno, akakata pembe mbili za mbele, ubao ukawa mpana upande wa mtoto na mwembamba upande wa mbele.

Umeme ulirudi. Fundi akaanza kutengeneza fremu ya kweli, na kwa haraka yake mguu wa mbele ukatoka umeelekea nje badala ya kusimama wima. Alitaka kuukata upya. Mama, bila kuinua macho kutoka kwenye turubai, akasema, "Uache vile. Mutu akisimama ku mawe, si anapanua miguu?" Fundi akauacha. Tukaipeleka meza nje, nikaikalia mimi mwenyewe kwa kilo zangu zote. Ikatulia.

Nami nilitoa changu, sitaki kujinyima hata hicho. Nilipotazama umbo lile lisilo na pembe, niliona kwamba meza sita zikiwekwa ubavu kwa ubavu zinafanya duara, na mwalimu anaweza kusimama katikati. Nilichora chini kwa chaki. Mzee akasema duara litakuwa kubwa mno kwa lile darasa. Mama akasema nusu duara inatosha, watoto wa nyuma ndio wanaopotea. Fundi akasema basi tupunguze upana. Tukaongea wote kwa pamoja huku mvua ikipiga bati, kila mmoja akichukua neno la mwenzake kabla halijaisha. Mpaka leo siwezi kukuonyesha dakika ambayo meza ile ilizaliwa. Najua tu kwamba saa nane haikuwepo, na saa kumi ilikuwepo, na kwamba kama mmoja wetu angekuwa hayupo mchana ule, isingekuwepo.

Nilikwenda nyumbani nikaichora vizuri. Nikaandika jina langu kwenye kona ya chini, kama ninavyofanya siku zote. Kesho yake nikaichora tena kwa vipimo, na mara ya tatu kwa ajili ya shirika. Kuna jambo linatokea hapo ambalo sikulijua. Mkono ukichora kitu mara tatu, kichwa kinaanza kuamini kwamba kimekizaa chenyewe.

Wageni walikuja baada ya meza ishirini za kwanza kumalizika. Walikuwa watu wa shirika, wawili kutoka ofisi ya hapa na wengine kutoka mbali. Walizizunguka meza, wakazitikisa, wakafurahi. Kisha mwanamke mmoja mwenye daftari akaniuliza, kwa upole, wazo hili lilitoka wapi.

Kulikuwa na nafasi ndogo pale, ya kutosha kugeuka tu. Nyuma yangu walikuwepo wote watatu. Sikugeuka. Nilianza kueleza kwamba katika jiometri nukta tatu daima hukaa katika bapa moja, kwamba nilichunguza mawe ya Kanyaruchinya kwa makini, kwamba nilijaribu miundo kadhaa nikaondoa mguu mmoja. Nilisema "mimi" mara nyingi. Mwanamke yule aliandika kila kitu. Mafiga ya mama niliyavika suti nikayaita jiometri.

"Na huyu mama?" akauliza mmoja wao.

"Huyu anatushonea mifuko," nilijibu, kwa Kifaransa kilekile.

Mama alikuwa na mfuko mmoja mkononi. Aliwatazama wageni, akasema, "Bonjour," akaurudisha mfuko juu ya cherehani. Nilidhani hakuelewa kitu.

Meza zilikwenda Kanyaruchinya na zilifanya kazi vizuri. Miezi michache baadaye shirika lilituletea kijitabu chenye picha ya meza zetu kwenye nusu duara, watoto wameinama wanaandika. Chini ya picha palikuwa na jina langu. Niliwaonyesha wenzangu kwa furaha. Fundi aliisifu picha, akarudi kazini. Mama alisoma ukurasa mzima polepole, na mimi nikadhani anatazama picha. Mzee alikishika kijitabu mbali na macho.

"Jina iko moja tu?"

"Njo walivyoandika, Muzee. Karatasi ni ndogo."

"Ulisahau, ao ulijisahaulisha?"

Nilimkasirikia. Nilimwambia kwamba bila michoro yangu hakuna kitu ambacho kingetoka humu ndani, na kwamba wageni wale ndio watakaotuletea kazi nyingine. Alinirudishia kijitabu kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mgeni kitu, akaenda kunoa patasi yake.

Kazi nyingine ilikuja kweli: vitanda sita vya kituo kidogo cha afya pembeni mwa mji, upande wa Lac Vert. Nilikwenda kukitazama mara moja, kwa haraka. Nikachora, nikabandika mchoro ukutani, nikawaita.

"Munaona je?"

"Iko muzuri, Shefu," alisema fundi.

"Muzee?"

"Muzuri."

"Mama?"

"Mimi ni wa kushona tu."

Nilifurahi. Aibu yangu ina vyumba vingi, na hiki ni kimoja: niliufurahia ukimya ule. Niliona kwamba sasa tumekuwa karakana ya kweli, kazi inakwenda bila kelele wala mabishano. Wiki nzima fundi hakusimulia kitu chochote. Nilidhani amekua.

Siku ya kupeleka vitanda tulikodi gari dogo na kwenda wote wanne, kwa sababu mama alikuwa na maforonya ya magodoro ya kuvisha. Tulishusha kitanda cha kwanza, mimi mbele, fundi nyuma. Tukafika mlangoni. Hakikuingia. Tukakilaza ubavu; miguu ikagonga fremu ya mlango. Tukakisimamisha, kikagonga juu. Muuguzi aliyekuwa akitupokea alipima mlango kwa mikono yake, kisha akapima kitanda kwa mikono hiyohiyo. Akina mama wajawazito waliokuwa wamekaa kwenye ukuta mfupi wakisubiri walikuwa wanatutazama. Mmoja akauliza kwa sauti, "Sasa sisi tutazalia inje?" Wenzake wakacheka.

Nilimgeukia fundi. "Hukuona?"

"Niliona."

"Tangu lini?"

"Siku ya kwanza ya kukata. Huu mulango ninaujua. Njo mimi niliweka vyuma vya madirisha hapa."

"Na ukanyamaza?"

Hakuinua sauti. "Ulichora hivi, Shefu. Nikakata hivi."

Nilimtazama mzee. Alikuwa anatazama barabara ya Sake, malori yanapita. Nilimtazama mama, akiwa na maforonya yake yamekunjwa vizuri mikononi. Hakuna aliyeshangaa. Wote walikuwa wamejua. Watu watatu walikuwa wameniona nikitembea kuelekea shimo kwa majuma mawili, na hakuna aliyenyoosha mkono. Nilichoelewa pale mlangoni, jasho likinitoka mbele ya akina mama wale, ni kwamba hawakuwa wamenifanyia ubaya. Walikuwa wamenipa kile hasa nilichokitaka: karakana ambayo kila wazo ndani yake ni langu.

Tulivirudisha vitanda vyote sita.

Asubuhi yake nilifika mapema nikawasubiri. Walipoingia niliwaomba wakae. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yakanitoka yote. Nilisema tu, "Mama, wazo la mafiga lilikuwa lako. Nilikucheka, halafu nikalichukua. Niliwadanganya wageni mbele yenu. Munisamehe."

Fundi alitazama viatu vyake. Mama alijibu kwa Kifaransa, Kifaransa kilichonyooka, cha ubaoni. Alisema kwamba siku ile ya wageni alisikia kila neno. Kisha akarudi kwenye Kiswahili.

"Nilifundisha shule ya musingi kule kwetu Rutshuru miaka kumi na moja, Papa. Watoto sitini mu darasa moja, meza zinacheza kama mashua. Weye hukuniuliza hata siku moja."

Miezi yote ile nilikuwa nikivunja kichwa juu ya meza za shule, na mwalimu alikuwa amekaa kwenye kona yangu anashona mifuko.

"Mafiga si yangu," aliendelea. "Kwetu tunaita amashyiga, na kila mama iko nayo. Ungesema ni ya mafiga ya wamama, ningefurahi. Iliniuma ile ya mifuko. Uliangalia mikono yangu, ukaona mifuko tu."

Nilimwambia nitaandika barua kwa shirika kusahihisha. Niliiandika siku hiyohiyo, nikampa aisome. Aliisoma, akaomba kalamu, akasahihisha kitenzi kimoja mahali nilipokosea kukipatanisha na "wazo", ambalo kwa Kifaransa ni la kike. Akanirudishia bila kutabasamu, lakini fundi alicheka, na kilikuwa kicheko cha kwanza baada ya majuma mengi. Jibu la shirika lilikuja, la mistari mitatu. Walinishukuru kwa unyenyekevu wangu. Kijitabu kilikuwa kimeshachapwa na kusambazwa.

Unyenyekevu. Neno lile liliniumiza kuliko kama wangenitukana.

Vitanda tulivitengeneza upya, vya kufunguka vipande viwili. Wazo hilo lilikuwa la fundi, na mzee ndiye aliyebadilisha mahali pa maungio. Nimeliandika kwenye daftari, ili mwakani nisije nikadhani ni langu. Mama alibaki nasi miezi kadhaa. Tulianza tena kubishana, ingawa si kama mchana ule wa mvua. Nilipokuwa nikiuliza jambo, nilimwona akingoja kidogo kabla ya kusema, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole. Kisha makambi yalivunjwa, watu wakaambiwa warudi kwao, naye akarudi Rutshuru na watoto wake. Alinitumia ujumbe mmoja wa sauti kusema kwamba shule ya kwao bado ina kuta, na kwamba meza zilichomwa kama kuni. Tulimtengenezea nane. Mzee ndiye aliyezisindikiza, si mimi. Nilisema nina kazi. Kweli ni kwamba sikutaka kusimama mbele ya darasa lake.

Majuzi msichana mmoja anayesoma mambo ya ujenzi alikuja karakana. Alikuwa na kile kijitabu, nakala ya nakala, picha imekuwa nyeusi. Aliniamkia kwa heshima, akauliza kama mimi ndiye niliyebuni meza ya miguu mitatu, kwa maana anaandika kazi yake ya mwisho wa masomo kuhusu wabunifu wa Goma.

Nilimsahihisha. Nilimwambia habari yote, nikampa jina la mama na nambari yake, nikamwita mzee na fundi waje wamsimulie wenyewe. Yote hayo niliyafanya, na niliyafanya vizuri. Lakini kabla sijafungua mdomo nilikaa kimya kidogo, kalamu yake ikiwa imeshainuliwa juu ya karatasi, na kimya kile kilikuwa kitamu. Hakuna aliyekiona. Mimi nilikiona.